Je, Michezo ya Video ni Vichezeo vya Watoto?

Mpenzi msomaji, hebu jiulize: gari la waya na mchezo wa video ni ndugu? Wengi watasema ndiyo, kwani vyote ni vya kuchezea. Mimi nasema ngoja kwanza.

Kichezeo hakina sheria. Gari la waya leo ni matatu, kesho ni lori la miwa. Anayeamua ni mtoto mwenyewe. Bao nalo lina sheria zake, lina kushinda na kushindwa. Huo ni mchezo, na hakuna awezaye kumwambia mzee wa mvi ati anachezea kichezeo! Mchezo wa video una sheria kama bao, kisha unaongeza hadithi, picha na muziki kama filamu.

Basi jina la kichezeo lilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa lilitokana na biashara. Mwaka wa 1983 soko la michezo ya video lilianguka huko Marekani, na wenye maduka hawakutaka hata kuisikia. Mwaka wa 1985 kampuni ya Nintendo kutoka Japani ilipopeleka mashine yake huko, iliiuza pamoja na roboti wa plastiki ili ionekane kama kichezeo. Roboti mwenyewe alitumika katika michezo miwili tu! Lakini ujanja ulifaulu.

Hata hivyo, jina hilo lina hatari. Mzazi akiambiwa ni kichezeo, ananunua bila kutazama kilichomo. Mwaka wa 1993 maseneta wa Marekani walikasirishwa na Mortal Kombat, mchezo ambao mshindi aweza kumng'oa mwenzake moyo. Mwaka wa 1994 kampuni zikaunda bodi ya kuonyesha umri ufaao kwa kila mchezo. Mwaka wa 2011 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba michezo ya video inalindwa na katiba sawa na vitabu, tamthilia na filamu.

Hapa kwetu siku hizi mchezo umo ndani ya simu, na mtoto hupewa simu ya mama ili anyamaze. Wahenga walinena, usilolijua ni kama usiku wa giza. Wazazi wetu, msiulize tu, "Umecheza saa ngapi?" Ulizeni pia, "Unacheza nini?" Nasi wanafunzi tusikae kimya, maana sisi ndio tunaojua yaliyomo. Tuwaonyeshe.