Kuzaa kwa Operesheni Nako ni Kuzaa



Katika mashamba ya chai na miwa, na hata viwandani, tunasikia maneno ya dharau juu ya mama aliyezaa kwa operesheni: ati alikwepa uchungu, ati hakuzaa. Kwa ajili ya maneno hayo, wengine huficha kovu lao na kurudi upesi kubeba mizigo. Jambo hili ni la hatari. Yafaa tueleze jinsi mama anavyoweza kupita katika operesheni kwa moyo mtulivu, na wajibu wetu sisi wenzake.

Kwanza, operesheni si aibu, wala si jambo geni katika nchi zetu. Mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia waganga wa Bunyoro, Uganda, wakimpasua mama mmoja huko Kahura. Walimnywesha pombe ya ndizi, wakanawa mikono na kumwosha tumbo kwa pombe hiyo hiyo, wakamtoa mtoto, kisha wakafunga jeraha kwa vyuma vyembamba 7. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona, na mama na mtoto wote walikuwa hai.

Pili, hofu hupungua mama akielewa. Siku hizi mama wengi hudungwa sindano ya ganzi mgongoni. Huwa macho, husikia kuvutwavutwa tumboni lakini si maumivu, na mtoto akilia anamsikia. Kabla ya kutia sahihi au dole gumba kwenye hati ya kukubali, ana haki ya kuuliza: Kwa nini ninapasuliwa? Ni ganzi ya namna gani? Nani atakuwa karibu nami? Aombe pia mtoto awekwe kifuani pake mapema. Hali zao zikiwa njema, mtoto anaweza kunyonya katika saa ya kwanza. Mama aliyeuliza akajibiwa, hata kama operesheni ilikuja ghafula, hutoka hospitali akijua kwamba yeye ndiye aliyezaa.

Tatu, kupona kunataka muda. Mshono wa nje hufunga mapema, lakini nyama za ndani huchelewa. Kwa muda wa wiki 6 hivi, mama asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake. Fikirini basi kikapu cha majani ya chai, au mtungi wa maji nyumbani! Kutembea polepole tangu mwanzo, akisaidiwa, ni vizuri, maana huzuia damu kuganda miguuni. Lakini akiona homa, usaha, damu nyingi, mguu mmoja kuvimba au pumzi kubana, arudi hospitali siku ile ile. Na mimba nyingine ikija, azalie katika hospitali yenye chumba cha operesheni. Wengi huweza kuzaa kwa njia ya kawaida, daktari akiona inafaa.

Nne, haki kazini. Nchini Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 iliweka likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili, na angalau wiki 4 zije baada ya kujifungua. Baba aliwekewa siku 4 za kazi. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya wiki 14, na wiki 6 kati yake ziwe baada ya kujifungua. Kwa hiyo mama asikubali kumaliza likizo yake kabla ya kuzaa, kwa sababu wiki 4 hazitoshi kuponya tumbo lililopasuliwa. Aombe barua ya daktari, aipeleke kwa mnyapara na nakala kwa kamati ya tawi.

Nasi wa matawi tudai katika mapatano na mwajiri kwamba anayetoka operesheni apewe kazi nyepesi bila kupunguziwa mshahara. Tuwakumbuke hasa wanaolipwa kwa kilo na vibarua, kwani hao ndio wanaorudi mapema kwa kuogopa njaa.

Nanyi akina baba, siku 4 hizo si za kupokea pongezi kilabuni. Ni za kuteka maji, kukata kuni na kufua nepi. Mwenzetu akirudi na kovu, tusimcheke. Tumpokee kama mzazi kamili, na mzigo wake tuugawane.