Ukuti Mikononi mwa Mtoto: Ufundi wa Vitu vya Asili na Msamiati Wake

Aghalabu elimu ya chekechea inapojadiliwa, ufundi wa mikono hutajwa mwishoni, kana kwamba ni burudani ya kujazia muda uliobaki. Mtazamo huo unapotosha, hasa mbele ya mwanafunzi wa Kiswahili, maana mnazi peke yake humpa mtoto wa miaka minne msamiati ambao kitabu cha picha hakiwezi kumpa.

Mfano bora ni kititia, kile kichezeo kizungukacho kwa upepo ambacho watoto wa pwani hukitengeneza kwa makuti mabichi. Ukuti huchanwa pande mbili, na uti wake wa kati, yaani njukuti, huwekwa kando. Vipande vinne vya urefu sawa hukunjwa, kila kimoja katikati. Cha kwanza hukumbatia cha pili, cha pili hukumbatia cha tatu, cha tatu hukumbatia cha nne, na ncha za cha nne hupenyezwa katika mkunjo wa cha kwanza. Ncha zote zikivutwa polepole, fundo la mraba hujibana, mbawa nne zikabaki nje. Njukuti hupitishwa katikati, naye mtoto hukimbia kuukabili upepo.

Kuchana ni kazi ya mtu mzima. Kukunja na kupenyeza ni kazi ya mtoto. Mara ya kwanza fundo hufumuka, na hapo ndipo lugha inapopata nafasi. Kunja, kunjua, funga, fungua, fuma, fumua. Kauli ya kutendua, ambayo huwatoa jasho baadhi ya wanafunzi wa chuo kikuu, mtoto huipata vidoleni kabla ya kujua kwamba ina jina.

Mnazi una mengi zaidi. Kidaka kilichopukutika kikichomekwa kijiti huwa pia ya kuzungusha. Kifuu huwa chungu cha kupikia mchanga. Mtoto aliyeviokota mwenyewe chini ya mti hahitaji kufafanuliwa tofauti ya kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi. Asiyewahi kuviokota huviita vyote nazi, na istilahi nne huanza kupotea katika kizazi kimoja.

Bara nako hakukosi malighafi. Bua la mahindi, likibambuliwa ganda lake, hutoa miwani na magari. Gunzi huvishwa kitambaa likawa mwanasesere. Majani makavu ya mgomba hufungwa yakawa mpira. Mwalimu wa huko hana haja ya kuagiza makuti kutoka Kilifi.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Kenya Januari 2019, uliipa kazi ya ubunifu nafasi yake tangu chekechea. Hata hivyo, mara nyingi kazi hiyo hupelekwa nyumbani, mzazi akaihangaikia usiku, mtoto akaibeba asubuhi. Hupendeza ikiangikwa ukutani, lakini vidole vya mtoto havikuigusa wala ulimi wake haukuitaja. Heri kititia kilichopinda, ambacho mwenyewe anaweza kueleza kilivyosukwa.

Tahadhari nazo ni za lazima. Mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ziitwazo turituri, huvutia sana katika shanga, ilhali ndani yake mna sumu kali; mbegu za mbarika ni vivyo hivyo. Utomvu wa mnyaa, unaopandwa kama ua katika maboma mengi, hudhuru macho. Mwalimu hana budi kuikagua mifuko ya watoto kila warudipo kuokota, na kuitaja mimea hiyo kwa majina yake, si kusema tu kwamba "ni mibaya".

Kuhusu kuhifadhi, hakuna la kuhangaikia. Kititia hunyauka, mbawa zikajikunja na fundo likalegea. Hutupwa, ukuti mwingine ukachanwa.