Likasi: Waliozingirwa Jadotville walidai medali zaidi ya miaka 50

Mapigano yalidumu siku tano, lakini mabishano juu ya medali yalipita miaka 50. Ndivyo ilivyokuwa kwa askari wa Ireland waliozingirwa Likasi, jimbo la Haut-Katanga, mwezi wa tisa mwaka 1961, wakati mji huo ukiitwa bado Jadotville. Mkubwa wao aliomba baadhi yao wapewe medali ya ushujaa. Tume ya jeshi ikakataa, na waliouliza sababu wakaelezwa kanuni.

Mabishano hayo ni ya Ireland, lakini yalianzia Likasi, na swali lake linawahusu Wakongo pia: nani anaamua kwamba fulani anastahili heshima ya taifa, na raia asiyekubali uamuzi huo aende kuuliza wapi?

Siku tano bila msaada

Katanga ilijitangaza huru tarehe 11 mwezi wa saba mwaka 1960, chini ya Moïse Tshombe. Mwaka uliofuata, Umoja wa Mataifa ulituma Jadotville kampani A ya batalioni ya 35 ya Ireland, askari zaidi ya 150 wakiongozwa na Komanda Pat Quinlan. Kikosi chao kikubwa kilibaki Elisabethville, leo Lubumbashi, kilomita 120 hivi kutoka hapo.

Asubuhi ya tarehe 13 mwezi wa tisa, wengi wao wakiwa kwenye misa, jeshi la Katanga pamoja na mamluki wazungu walianza kuwashambulia. Msaada uliotoka Elisabethville ulizuiwa kwenye daraja la mto Lufira. Maji yakaisha, risasi nazo zikaisha. Tarehe 17 wakajisalimisha. Watano walikuwa wamejeruhiwa, lakini hakuna hata mmoja aliyekufa.

Baada ya wiki kadhaa za kufungwa waliachiliwa, wakarudi kwao. Huko hawakupokelewa kama mashujaa. Jeshi liliona haya kwa sababu ya kujisalimisha, na jina «Jadotville Jack» likawa la kuwacheka.

Jibu lisilo na sababu

Quinlan hakukubali. Alipeleka majina ya askari 33 kwa ajili ya medali ya juu kabisa ya ushujaa katika jeshi la Ireland. Tume ya medali ilichunguza majina hayo, kisha ikaamua kwamba hakuna atakayepewa kitu. Mwaka 1965 barua ya malalamiko ilifika kwa mkuu wa jeshi. Yeye aliirudisha kwa tume ileile iliyokuwa imekataa, nayo ikajibu kwamba haitabadili uamuzi wake.

Kwa miaka mingi, serikali za Ireland zilirudia maneno yaleyale bungeni: tume iliundwa kwa kufuata kanuni, na muda wa kutoa medali hizo ulikuwa umepita. Maneno hayo yalieleza njia iliyofuatwa. Hayakumweleza askari ni kosa gani lilionekana katika kazi yake.

Watetezi wa usiri wana hoja yao. Wanaopima sifa za mtu wanahitaji kusema ukweli bila woga, na si vizuri aibu ya aliyekataliwa itangazwe hadharani. Lakini mtu asipojua alikataliwa kwa nini, hawezi kusahihisha habari ya uongo iliyopelekwa juu yake. Na malalamiko yakirudishwa kwa waliokata shauri la kwanza, mlalamikaji anajua jibu kabla ya kulisoma.

Quinlan alikufa mwaka 1997 bila kuona heshima ya watu wake ikirudishwa. Kazi ikaendelezwa na wengine, akiwemo John Gorman, aliyekuwa na miaka 17 tu wakati wa mapigano. Mwaka 2004 jeshi lilichunguza tena habari hiyo. Mwaka 2005 jiwe la ukumbusho liliwekwa katika kambi ya Athlone. Mwaka 2016 kampani yote ikapewa sifa rasmi, na tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka 2017 ikatolewa medali iliyopewa jina la Jadotville. Miaka 56 ilikuwa imepita. Wengi walipokelewa na wajane na watoto wao.

Medali hiyo ilikuwa ya kampani nzima. Ombi la Quinlan, la ushujaa wa mtu mmoja mmoja, liliendelea kudaiwa hata baadaye.

Waliosahauliwa Shinkolobwe

Likasi inajua heshima nyingine iliyotolewa kwa sauti ya chini. Mgodi wa Shinkolobwe, usio mbali na mji, ulitoa uranium iliyotumika katika bomu la Hiroshima. Mwaka 1946 Marekani ilimpa medali Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière. Wakati huo mambo mengi ya uranium hiyo yalikuwa bado siri. Wafanyakazi Wakongo walioyachimba na kuyabeba mawe hayo kwa mikono hawakuwemo katika sherehe. Hata madini moja yaliitwa sengierite, kwa jina la mkubwa huyo.

Miezi mitatu ya katiba

Katika Kongo, Mobutu aliunda daraja la heshima la Chui mwaka 1966. Baadaye likaja la Mashujaa wa Taifa Kabila-Lumumba. Kifungu cha 84 cha katiba ya mwaka 2006 kinampa Rais wa Jamhuri uwezo wa kutoa heshima hizo kwa kufuata sheria.

Lakini katiba hiyohiyo ina kifungu cha 27, kisichotajwa sana. Kinasema kila Mkongo, peke yake au pamoja na wengine, anaweza kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka ya serikali, nayo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu.

Kwa hiyo mjukuu wa mchimbaji wa Shinkolobwe anayetaka kujua kwa nini babu yake hakukumbukwa ana pa kuanzia: karatasi, majina ya wenzake, na tarehe ya kupokelewa iliyoandikwa juu ya nakala yake. Gorman na wenzake hawakuwa na ahadi ya miezi mitatu. Walikuwa na barua tu, na hawakuchoka kuziandika.