Uhuru wa Moyo kwa Askari wa Zamu

Tarehe 1 Julai 1962 utawala wa Ubelgiji ulikoma na Burundi ikawa nchi huru. Tangu siku ile neno uhuru limo vinywani mwa wananchi wote, na kila mwaka askari hupiga gwaride kuliadhimisha. Hata hivyo, upo utawala mwingine usiokoma kwa kushusha bendera moja na kupandisha nyingine. Mtu aweza kuwa raia huru wa nchi huru, akavaa sare iliyopigwa pasi barabara, na bado akawa mtumwa wa chupa, wa hongo, wa hasira au wa chuki. Wakristo huuita utawala huo nguvu ya dhambi, na hufundisha kwamba nao unaweza kukomeshwa. Yafaa tuyatazame mafundisho hayo kwa jicho la askari jeshi na askari polisi, katika kazi yake ya kila siku.

Tuchukue mtaa wa Nyakabiga jijini Bujumbura. Majirani zake ni Bwiza na Jabe. Chuo kikuu kiko karibu, na mto Ntahangwa unapita kando, ukila kingo zake kila msimu wa mvua. Ni mtaa wa watu wa kawaida: wanafunzi waliopanga vyumba, makarani, mafundi, akina mama wachuuzi, na baa zinazochoma mishikaki hadi usiku. Askari aliyepangiwa zamu mahali kama hapo hapigani vita vikubwa. Vita vyake ni vidogo. Dereva wa teksi asiye na karatasi kamili anakunja noti kiganjani. Mwenye baa anatoa bia ya bure ili saa ya kufunga isahauliwe. Kijana anajibu kwa kiburi, na mkono wa askari unakaza bunduki. Mkuu wake hayupo hapo kuona. Katika dakika kama hizo ndipo hujulikana ni nani anayemtawala askari yule.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Roma yapata mwaka 57 baada ya Kristo. Katika sura ya sita ya waraka huo alitumia lugha ambayo askari wa Kirumi angeielewa mara moja. Aliieleza dhambi kama mfalme anayeutawala mwili wa mtu. Viungo vya mwili, yaani mikono, miguu, macho na ulimi, aliviita kwa neno la Kiyunani lenye maana ya vyombo au silaha. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 walichagua neno silaha. Mwishoni mwa sura alitaja malipo ambayo dhambi huwapa watu wake, na neno alilolitumia, opsonia, lilikuwa neno la posho na mshahara wa askari. Picha yake ni wazi. Dhambi huandikisha watu, huwatumia kama silaha, kisha huwalipa; na malipo hayo ni mauti. Mungu, kwa upande wake, halipi mshahara: hutoa zawadi, nayo ni uzima.

Neno hilohilo la mshahara limo katika Injili ya Luka, sura ya tatu. Askari walimwendea Yohana Mbatizaji karibu na mto Yordani wakamwuliza yawapasayo kufanya. Yohana hakuwaamuru wavue sare. Aliwaagiza mambo matatu: wasimnyang'anye mtu kwa nguvu, wasimsingizie mtu kosa, na waridhike na mshahara wao. Yafaa tuangalie kwamba hakuna hata moja kati ya hayo matatu linalofanyika ndani ya jengo la ibada. Yote hufanyika barabarani, kituoni na kambini. Kwa Yohana, toba ya askari ilipaswa kuonekana katika namna anavyomkamata mtu, namna anavyoandika taarifa, na namna anavyozitafuta fedha zake.

Wala tusidhani kwamba mshahara wa siku zile ulikuwa mnono. Askari wa kawaida wa majeshi ya Kirumi katika karne ile alipata dinari 225 kwa mwaka, na humo zikakatwa gharama za chakula na mavazi. Mwanahistoria Tacitus ameeleza kwamba mwaka 14, majeshi ya mkoa wa Pannonia yalipoasi, mojawapo ya malalamiko yao ilikuwa kwamba iliwabidi kuwahonga maofisa ili wasamehewe kazi za suluba. Basi askari mwenye mshahara mdogo aliyedaiwa hongo na mkubwa wake, alijaribiwa kuifidia kwa nani? Kwa raia asiye na silaha. Mnyororo huo ni wa zamani, na askari wa leo hahitaji kuelezwa jinsi unavyofungwa. Yohana hakusema kwamba mshahara ulitosha. Alisema kwamba upungufu wake usichukuliwe mfukoni mwa mpita njia. Madai ya mshahara yana njia yake kwa wakubwa. Mama anayepita na kapu la ndizi si mdaiwa wa askari.

Jinsi dhambi inavyotwaa madaraka ni jambo la kawaida sana. Mara ya kwanza mtu hupokea noti huku moyo ukimpiga. Mara ya pili hapati taabu ya kujieleza. Baadaye anaihesabu pamoja na mshahara: imo katika kodi ya nyumba, imo katika karo ya watoto, imo katika deni la baa. Siku dereva asipotoa, yeye huona kwamba amedhulumiwa. Siku ya kwanza askari aliichukua hongo. Sasa hongo imemchukua askari. Ulevi hufuata njia hiyohiyo, na uongo hufuata njia hiyohiyo. Hakuna aliyepanga kuwa mtumwa. Kila mmoja alikubali amri ndogo, kisha nyingine, hata akashindwa kuikataa yoyote.

Mafundisho ya Kikristo juu ya kuwekwa huru hupotoshwa kwa njia mbili. Wapo wasemao kwamba, kwa kuwa Mungu husamehe bure, basi kutenda maovu si neno. Paulo alilijua hoja hilo na alilikataa katika sura hiyohiyo: aliyetolewa utumwani harudi kumfanyia kazi bwana wa zamani kwa hiari. Wengine hudhani kwamba aliyewekwa huru hasikii tena kishawishi, na wakikisikia hukata tamaa wakisema kwamba imani yao ni ya bure. Hao nao wamekosea. Tuseme kamanda fulani ameondolewa katika kikosi. Aweza kusimama nje ya uzio akapaza sauti, akatoa amri zilezile alizozitoa miaka kumi. Sauti yake inafahamika, na masikio yaliyozoea hushtuka. Lakini askari anayejua amri halali inatoka wapi hana wajibu wa kugeuka. Mkristo huamini kwamba kwa kufa na kufufuka kwake, Kristo ameiondoa dhambi katika ukamanda. Sauti ingalipo, mamlaka ndiyo yaliyokwisha.

Katika nchi zetu mafundisho haya yaliwahi kujaribiwa mbele ya macho ya watu. Mwaka 1929 Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka iliyofuata uamsho ulizuka Gahini, nchini Rwanda, katika hospitali ya misheni, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Hapa Burundi misheni hiyo ilifungua vituo vya Buhiga na Matana mwaka 1935. Jambo lililowashangaza majirani halikuwa nyimbo za waamini hao, bali vitu vilivyorudishwa. Watu walirejesha mali waliyoiba, walilipa madeni yaliyosahauliwa, waliungama mbele ya wale waliowakosea. Mabwana na watumishi, Waafrika na Wazungu, waliombana msamaha. Tena hawakumwacha mtu apigane peke yake: walikutana katika vikundi vidogo na kuambiana ukweli juu ya maisha yao, wakiita jambo hilo kutembea nuruni. Walikuwa wamegundua kwamba dhambi hupata nguvu inapofichwa, na hulegea inapotajwa kwa jina lake mbele ya ndugu anayeaminika.

Lakini hongo na ulevi si mabwana wakali kuliko wote. Bwana mkali kuliko wote katika historia yetu ni chuki. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, vita viliivunja nchi, na mitaa ya Bujumbura ikagawanyika kwa kabila. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walifukuzana. Mwaka 2015 Nyakabiga ulikuwa miongoni mwa mitaa ya maandamano dhidi ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, na polisi na vijana wakakabiliana humo. Tarehe 11 Desemba mwaka huo kambi za jeshi zilishambuliwa. Asubuhi iliyofuata maiti zilikutwa barabarani, Nyakabiga ukiwamo. Zipo familia za raia na familia za askari zinazobeba majina ya wafu wa siku zile. Mtu aliyefiwa hushawishika kuamini kwamba chuki ni heshima anayomdai marehemu wake. Kumbe chuki ni bwana anayemtuma kumfanyia mtoto wa mwingine lile alilofanyiwa wa kwake.

Je, yawezekana kukataa amri ya bwana huyo? Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, watu wenye silaha waliingia bwenini alfajiri wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana walikataa kutengana. Arobaini kati yao waliuawa. Hawakuwa na bunduki wala cheo, na baadhi yao wangeweza kujiokoa kwa hatua chache tu. Lakini amri ya chuki, iliyokuwa imetiiwa na watu wazima wengi, haikuwa na nguvu juu yao. Kuanzia mwaka 2004, kwa kufuata Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 na mapatano ya kusitisha vita yaliyofuata, waliokuwa wakipigana porini waliwekwa katika jeshi moja na polisi moja. Sheria iliweza kuwaweka chini ya paa moja. Kumwombea mwenzako aliyekuwa adui, na kumlinda mgongo katika doria, ni kazi ambayo sheria haiwezi kuimaliza peke yake.

Basi askari Mkristo afanye nini kesho asubuhi? Kwanza, kabla ya kupokea silaha ya serikali, amkabidhi Mungu silaha za mwili wake: mkono usipokee, ulimi usisingizie, jicho lisidharau. Pili, aamue mapema. Anayengoja kuamua wakati noti iko kiganjani amechelewa. Tatu, arudishe kinachoweza kurudishwa; palipo na mtu anayejulikana aliyedhulumiwa, maneno ya toba peke yake hayatoshi. Nne, awe na ndugu mmoja kikosini atakayemwuliza kwa upole na bila kumficha: leo zamu ilikwendaje? Tano, akianguka asihamie tena kambi ya zamani. Aungame, asimame na kurudi mstarini siku hiyohiyo, kwa maana kuanguka mara moja hakumrudishii dhambi ukamanda wake.

Ndugu askari, raia wa Nyakabiga hawezi kuuona moyo wako. Huuona mkono wako kwenye kizuizi, husikia sauti yako mlangoni usiku, na huisoma taarifa uliyoiandika juu ya mwanawe. Kwa hayo atajua kama aliyemjia ni mtu huru au ni mtumwa mwenye bunduki. Zamu ya leo jioni itakupa nafasi ya kumjibu.