Pikapu kuukuu za Butembo na Beni: usukani unanyooshwa leo, kesho gari linavuta tena

Tairi mbili mpya za mbele zinaweza kuisha ndani ya miezi michache kwenye barabara za Kivu Kaskazini, na lawama zote hubebeshwa barabara. Ni kweli, barabara ni mbaya. Lakini tazama tairi yenyewe. Ukingo mmoja umekwisha mpaka nyuzi zinaonekana, huku upande wa pili kashata zikiwa bado ndefu. Mashimo hayali tairi kwa mtindo huo. Hiyo ni kazi ya gurudumu ambalo haliendi linakotazama.

Mafundi wa Butembo na Beni huiita tiba yake paralelisme, kwa Kifaransa. Wenzao waliozoea magari na mafundi wa Uganda husema alaimenti. Kwa jina lolote, ni kurudisha magurudumu ya mbele kwenye pembe alizopanga mtengenezaji, na ni kazi inayolipiwa mara nyingi kuliko inavyofanywa sawasawa.

Pikapu ndiyo punda wa eneo hili. Hushusha viazi na vitunguu kutoka milima ya Lubero, huleta samaki wa Kyavinyonge kutoka Ziwa Edward, na hubeba kakao ya Mangina na Oicha. Baada ya waasi wa M23 kuiteka Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024, njia ya kusini kuelekea Goma ilizidi kuwa ngumu kwa wafanyabiashara, na mpaka wa Kasindi ukabeba uzito mkubwa zaidi. Kutoka Kasindi hadi Beni ni kilomita 80, na kutoka Beni hadi Butembo ni 54. Njia hizo zimo katika mradi wa kilomita 223 ambao Kongo na Uganda waliuzindua Juni 2021. Ukiacha barabara kuu, kuelekea Mangurejipa au kushuka ziwani, ni udongo, mawe na makorongo.

Ukifanya hesabu kidogo utaelewa hasara inatoka wapi. Chukua tairi yenye kipenyo cha sentimita 70. Pima nafasi kati ya tairi mbili za mbele, kwanza kwenye kingo zao za mbele, kisha za nyuma. Tofauti ikizidi kiwango kwa milimita 6 tu, kila gurudumu limegeuka robo ya digrii. Kwa jicho huoni kitu. Lakini kila kilomita moja, tairi hiyo inaburutwa kando mita 4 na zaidi huku ikizunguka. Kutoka Kasindi mpaka Butembo, kilomita 134, itakuwa imesuguliwa ubavu zaidi ya nusu kilomita. Hakuna raba inayovumilia hayo kila wiki.

Na si raba tu. Kwenye mteremko wenye matope, gari linalovuta upande huenda kando dereva anapokanyaga breki, na kando kwenyewe mara nyingi ni bonde. Halafu kuna usalama. Katika njia ambazo raia wameuawa na waasi wa ADF, na ambako magari hulazimika kwenda kwa misafara inayosindikizwa na wanajeshi, hakuna anayetaka kubaki nyuma akibadilisha tairi iliyopasuka.

Sasa tufike kwenye kosa lenyewe. Gari linaingia garaji, dereva analalamika kwamba usukani umekaa upande. Fundi anajilaza chini, analegeza nati za fimbo ya usukani, anazungusha mara mbili, anakaza. Usukani umenyooka, dereva analipa, anaondoka. Wiki ya tatu amerudi. Kilichorekebishwa ni mwelekeo wa magurudumu peke yake, na ulirekebishwa kwenye vyuma vilivyolegea. Rotuli zikiwa zimechakaa, kipimo cha asubuhi si kipimo cha jioni. Gurudumu linacheza linavyotaka kila likigonga jiwe. Wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni jozi ya tairi.

Fundi makini huanza na jeki, kabla ya kushika kipimo chochote. Anainua gurudumu, analishika juu na chini na kulitikisa: likicheza, beringi au rotuli za mikono zimekwisha. Analishika kushoto na kulia na kulitikisa tena: hapo zinajitokeza rotuli za fimbo za usukani. Mtu wa pili anakaa kwenye usukani akiuchezesha kidogo kidogo, fundi akiwa chini anaangalia ni kiungo kipi kinachosogea kabla ya kingine. Mkono mdogo wa kuegemea, ule ulio upande wa pili wa boksi ya usukani, husahauliwa sana. Bushi za raba nazo hupasuka ndani, kwa nje zikionekana nzima. Chochote kilicholegea kinabadilishwa kwanza. Hapa ndipo wenye magari wengi hukunja uso, maana vipuri ni ghali na paralelisme walidhani ni kazi ya nusu saa.

Baada ya hapo ni upepo wa tairi, sawa pande zote, kisha kimo cha gari. Hilux za 4x4 zilizouzwa Afrika kabla ya 1997 mara nyingi zina ekseli moja nzima mbele, juu ya springi za majani. Kwenye gari la namna hiyo kinachorekebishika kwa kawaida ni mwelekeo tu. Magurudumu yakiegemea, ama beringi za viungo vya ekseli zimekufa ama ekseli yenyewe imepinda. Anayemwambia mwenye gari kwamba amempigia pembe zote tatu kwa spana moja anamwibia. Land Cruiser za mfululizo wa 79 pia zina ekseli nzima, ingawa springi zake za mbele ni za duara.

Baadhi ya Hilux za 4x4 zilizofuata baada ya 1997 zina mikono miwili kila upande na tosheni, ile nondo ndefu inayojisokota badala ya springi. Bolti ya tosheni inafikika kirahisi, na ndiyo maana huchezewa sana. Mwenye gari anataka pua ipande ili ipite mawe, bolti inakazwa, pua inapanda. Pamoja nayo zinabadilika pembe mbili nyingine: jinsi gurudumu linavyoegemea ndani au nje likitazamwa kwa mbele, na jinsi mhimili wake wa kugeukia ulivyolala kuelekea nyuma. Pembe hii ya pili ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Kwa hiyo kimo hupangwa kwanza, pande mbili zilingane. Halafu kuegemea na kulala kwa mhimili. Mwelekeo huja mwisho kabisa, kwa sababu ukigusa zile mbili za kwanza wenyewe unahama.

Mashine za kompyuta zenye kamera zipo Kampala na miji mingine mikubwa, na ni nzuri. Ila mashine haikazi rotuli. Ikipima gari lililolegea, itatoa karatasi yenye namba nzuri ambazo hazitafika Mpondwe. Gari lililokazwa vizuri linaweza kupimwa kwa kamba, chaki na utepe wa mita, likatoka salama.

Njia yenyewe ni hii. Gari husimama mahali tambarare, usukani ukiwa katikati. Kila gurudumu la mbele huinuliwa, likazungushwa huku msumari ulioshikwa imara ukichora mstari mwembamba kwenye raba iliyopakwa chaki. Gari hushushwa na kusukumwa mbele kidogo ili magurudumu yakae yanavyokaa barabarani. Ukipima mara tu baada ya kushusha jeki, unapima uongo. Nafasi kati ya mistari miwili hupimwa mbele, kwa kimo cha kitovu cha gurudumu, na alama ikawekwa hapo hapo. Kisha gari husukumwa mpaka alama hizo zifike nyuma, na nafasi ikapimwa tena. Kwa kupima sehemu ile ile ya tairi mara mbili, rimu iliyopinda haikudanganyi.

Kuegemea kwa gurudumu hupimwa kwa uzi wenye uzito, ukining'inizwa mbele ya rimu. Kulala kwa mhimili ndiko kugumu zaidi, maana lazima gurudumu ligeuzwe digrii 20 kila upande na mabadiliko yalinganishwe. Bamba mbili za chuma zilizopakwa grisi katikati, zikiwekwa chini ya kila tairi, husaidia ligeuke bila kukwama.

Kamba inaonyesha jambo lingine ambalo wengi hulitafuta mbele wakati liko nyuma. Ikinyooshwa kutoka tairi za nyuma hadi za mbele, pande zote mbili, huonekana kama ekseli ya nyuma imekaa mraba. Pikapu iliyozidishiwa mbao au magunia hukata bolti ya katikati ya springi, ekseli ikasogea, na tangu hapo gari linatembea ubavu kama kaa. Unaweza kurekebisha mbele mwaka mzima. Mzigo huo huo, ukikaa nyuma kabisa, huinua pua na kuufanya usukani uwe mwepesi mno, hata pembe zote zikiwa sawa.

Jambo moja ni la mpakani hasa. Uganda huendesha kushoto, Kongo kulia, na magari mengi ya Butembo na Beni yana usukani wa kulia kwa kuwa yalitengenezewa nchi za kushoto. Dereva wa gari kama hilo akitaka kulipita lori humtegemea aliyekaa kando yake amwambie kama njia iko wazi. Lakini hata pembe zina habari yake. Barabara hujengwa ikiinuka katikati ili maji yatiririke, hivyo gari la Kongo huteremkia kulia na la Uganda kushoto. Baadhi ya watengenezaji huweka tofauti ndogo kati ya magurudumu mawili ili kulipinga hilo. Tofauti iliyowekwa kwa ajili ya kushoto, barabara ya Kongo huigeuza kuwa nguvu ya kuvuta kulia. Gari likivuta kulia kidogo tu kwenye lami, fundi asikimbilie kufungua bolti. Abadilishane kwanza tairi za mbele, ya kulia iende kushoto. Uvutaji ukihama upande, kosa ni la tairi.

Mwenye gari anaweza kujipima mwenyewe bila kulipa. Apitishe kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha arudishe. Ikiwa upande mmoja ni laini na ukirudi unakwaruza kama msumeno, mwelekeo umekosewa. Vishimo vishimo vikizunguka tairi, mara nyingi shokamzoba zimekufa au magurudumu hayana mizani.

Kazi ikimalizika, gari lipelekwe barabarani kabla ya malipo, na mwenye gari aende nalo. Vipimo viandikwe kwenye karatasi ikae ndani ya gari, milimita kwa milimita, ili fundi atakayefuata, awe wa Beni au wa Kasindi, aone kilichohama. Nati za kufungia fimbo za usukani zikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kabla gari halijashuka tena kwenda Kyavinyonge.