Kabla hujamnunulia mtoto saa ya kuhesabu hatua

Saa janja zimejaa madukani, na muuzaji hakosi kukuambia kwamba inapima afya ya mtoto. Haipimi afya. Inapima mtikisiko wa mkono, kisha inaugeuza kuwa hatua.

Kinachotakiwa ni dakika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani angalau dakika 60 kila siku za kujishughulisha hadi aheme, na angalau siku 3 kwa wiki ziwemo shughuli za nguvu zaidi na zinazokomaza misuli na mifupa. Zile hatua 10,000 zilitoka Japani mwaka 1965, kwenye jina la kifaa kilichokuwa kikiuzwa huko. Hazikukusudiwa watoto.

Kipimo cha bei ndogo kuliko vyote ni daftari. Sikiliza pumzi: mtoto akiweza kuongea lakini kuimba kukamshinda, zoezi ni la wastani, akitoa maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi, ni zito. Andika kila jioni kwa siku 7, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Kasoro yake ni kumbukumbu. Mtoto akisema alicheza mpira saa nzima, humo kuna muda wa kusimama golini na wa kugombania faulo. Upunguze.

Kipima hatua cha kubana kiunoni hakihitaji simu wala bando. Ila hakitofautishi vizuri kutembea na kukimbia, hakioni kuogelea wala baiskeli, na daladala ikipita kwenye makorongo kinaweza kuongeza hatua ambazo hazikupigwa.

Saa janja ina gharama zinazoendelea baada ya kulipa: simu ya mzazi ya kuunganishia, chaja, mkanda unaokatika. Faida yake ni kuonyesha muda na mapigo ya moyo, lakini ikilegea kwenye mkono mwembamba mapigo husomwa vibaya. Mtoto aliyebeba ndoo kichwani, mkono wenye saa ukiwa umeishikilia, huenda akapoteza hatua nyingi huku jasho likimtoka. Soma pia masharti: programu nyingi za saa hizi haziruhusu mtoto chini ya miaka 13 kufungua akaunti yake mwenyewe.

Watafiti hutumia aksileromita ya kiunoni, kifaa kinachopima mtikisiko wa mwili. Utafiti wa ISCOLE, uliofanyika katika nchi 12, ikiwemo Kenya jijini Nairobi, uliwavisha watoto wa miaka 9 hadi 11 kifaa hicho siku 7, usiku na mchana. Waliopata dakika nyingi za kuhema walikuwa na uwezekano mdogo wa kuwa na unene uliopitiliza. Kwa kuwa walipimwa mara moja tu, haijulikani kipi kilitangulia: huenda mtoto mnene hachezi kwa sababu anachoka upesi. Kifaa hicho waachie watafiti.

Mimi ningeanza na daftari wiki moja. Dakika zikipungua 60 kwa siku, pesa ya saa ningenunulia kamba ya kuruka, na jioni ningemwachia nafasi ya rede na kombolela. Kipima hatua mpe mtoto anayependa kushindana na namba yake ya jana. Saa janja isubiri atakapokuwa mkubwa, aiombe mwenyewe. Mtoto wa darasa la tatu, mnunulie mpira.