Je, Wajua? Jezi ya Njano Ilitoka Kwenye Karatasi ya Gazeti

Je, wajua kuwa Tour de France, mbio za baiskeli zenye jina kubwa kuliko zote duniani, zilianzishwa ili kuokoa gazeti lisife? Gazeti lenyewe, L'Auto la Paris, lilizaliwa katika ugomvi. Wenye viwanda vya magari na baiskeli walikosana na mhariri wa gazeti la Le Vélo kuhusu kesi ya Kapteni Dreyfus, kesi iliyoigawa Ufaransa nzima, wakaondoa matangazo yao na mwaka 1900 wakaanzisha la kwao. Le Vélo lilichapwa kwenye karatasi ya kijani, basi wao wakachagua ya njano. Njano ikadoda. Mhariri wake, Henri Desgrange, akaitisha kikao, na kijana mmoja wa dawati la michezo, Géo Lefèvre, akasema: tuandae mbio za kuizunguka nchi yote.

Tarehe 1 Julai 1903 watu 60 waliondoka Montgeron, jirani na Paris, kwenda kumaliza kilomita 2,428 kwa hatua sita tu, nyingine za kukesha barabarani usiku kucha. Waliomaliza ni 21. Mshindi, Maurice Garin, aliwahi kuishi kwa kazi ya kusafisha mabomba ya moshi. Mshindi wa kweli lakini alikuwa mwenye gazeti: mauzo yalipanda kutoka nakala kama 25,000 kwa siku hadi 65,000, na mwaka uliofuata Le Vélo likafunga milango.

Jezi ya njano ya anayeongoza ilikuja baadaye, mwaka 1919, na rangi yake ndiyo ile ya karatasi ya L'Auto. Wa kwanza kuivaa, Eugène Christophe, hakuifurahia hata kidogo, maana watazamaji walimtania njiani kuwa amegeuka kanari. Waitalia nao hawakubaki nyuma. Giro d'Italia ilianzishwa mwaka 1909 na gazeti la Gazzetta dello Sport, gazeti linalochapwa kwenye karatasi ya waridi, na tangu 1931 anayeongoza huvaa jezi ya waridi. Kwa hiyo mwanamume aliyekomaa, miguu imejaa misuli, anapigania wiki tatu nzima kuvaa rangi ya gazeti. Ni matangazo machache ya biashara yaliyowahi kuishi muda mrefu kama hilo.

Je, wajua biashara yenyewe inafanyika wakati gani? Ukitaka kuielewa, usianzie Paris. Anzia Mafinga, kando ya barabara kuu iendayo Zambia, siku Mwenge wa Uhuru unapopita. Watu wamejipanga tangu asubuhi, wanafunzi wamevaa sare, akina mama wamesogeza ndoo za viazi na parachichi mahali penye macho mengi, na Mwenge wenyewe unapita kwa muda mfupi. Hakuna aliyekata tiketi. Ila saa zile za kusubiri, soda zimekwisha dukani na muuza karanga amerudi nyumbani na sinia tupu.

Mbio za baiskeli ni hivyo hivyo. Uwanja wake ni barabara, haina geti, na kundi zima likiwa kwenye tambarare linakupita kabla hujamaliza kusema “haoo!”. Cha kuuza hapo ni ule muda wa kusubiri. Desgrange alilitambua hilo mwaka 1930, alipochoshwa na ujanja wa kampuni za baiskeli, akazifukuza timu zao na kuweka timu za mataifa. Gharama zote zikamwangukia yeye, mpaka baiskeli zenyewe. Akafungua mlango: kampuni yoyote inayotaka kutangaza bidhaa ilipe, magari yake yapite mbele ya wakimbiaji. Chokoleti ya Menier ilikuwa miongoni mwa za kwanza, ikigawa bidhaa na vikofia njia nzima. Miaka ya 1950 kivutio kikubwa cha msafara kilikuwa Yvette Horner, mwanamama mpiga kodiani, aliyekaa juu ya paa la gari akipiga muziki kilomita baada ya kilomita, vumbi na wadudu vikimpiga usoni, huku akitabasamu. Hadi leo msafara wa matangazo hutangulia kama saa mbili kabla ya baiskeli ya kwanza, ukirusha kofia, biskuti na vishikio vya funguo. Wapo Wafaransa ambao, msafara ukishapita, hukunja viti vyao wakaenda zao.

Kifuani mwa mkimbiaji namo kuna kodi yake. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 jezi zilibeba majina ya kampuni za baiskeli na matairi. Mwaka 1954 Mwitaliano Fiorenzo Magni, jamaa mwenye sura ngumu na upara, alivunja mwiko kwa kudhaminiwa na Nivea, mafuta ya kujipaka. Timu nyingine zikaiga. Leo mtazame mkimbiaji anayejua kuwa ameshinda. Zikibaki mita mia chache, hata kama amepanda mlima zipu ikiwa wazi hadi tumboni, ataifunga mpaka shingoni, akae wima, kisha ainue mikono. Picha ya gazeti la kesho lazima ioneshe jina la mdhamini, lisikatike katikati.

Na kuna aliyewahi kuponzwa na hiyo mikono. Mwaka 2004, katika mbio za Milan–San Remo za Italia, Mjerumani Erik Zabel aliinua mikono kushangilia hatua chache kabla ya mstari. Mhispania Óscar Freire, aliyekuwa bado ameinama anakanyaga, akasukuma gurudumu lake mbele na kuchukua ushindi.

Hata hivyo kisa cha sherehe kinachotuhusu sisi wa upande huu wa dunia ni cha Biniam Girmay wa Eritrea. Mei 2022, mjini Jesi, alimshinda Mathieu van der Poel wa Uholanzi na kuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Giro d'Italia. Van der Poel mwenyewe, akiwa anashindwa, alimnyooshea kidole gumba cha pongezi kabla hawajavuka mstari. Kisha jukwaani Girmay akapewa chupa kubwa ya mvinyo wa povu. Akaiweka chini, akainama kuifungua, na kizibo kikaruka moja kwa moja hadi jicho lake la kushoto. Akakimbizwa hospitali, na kesho yake hakuanza mbio. Mtu kapona milima ya Italia, kaangushwa na kizibo! Ulanzi, pombe ya mianzi ya huku kwetu Mufindi, pamoja na lawama zake zote, haujawahi kumtoboa mtu jicho. Girmay alirudi, na mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kwenda nyumbani na jezi ya kijani ya mshindi wa pointi.

Je, wajua kuwa Mafinga iko juu kuliko Kigali? Mji mkuu wa Rwanda uko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, Mafinga imepita 1,800, karibu sawa na mwisho wa mlima maarufu wa Alpe d'Huez. Kijana anayesukuma baiskeli ya Phoenix yenye gunia la mkaa pale Mafinga asubuhi ya Juni, koti limefungwa hadi kidevuni, anavuta hewa ambayo timu za Ulaya huifuata milimani kwa gharama kubwa. Lakini Septemba 2025 dunia ya baiskeli ilikwenda Kigali, mara ya kwanza kwa ubingwa wa dunia wa barabarani kufanyika Afrika. Shule za jijini zilifungwa wiki ile ili barabara ziwe huru. Siku ya mwisho wanaume walipanda na kushuka kilomita 267.5, na ukijumlisha vilima vyote unapata mita 5,475, pungufu kidogo tu ya Kilimanjaro. Walianza 165, wakamaliza 30, wa kwanza akiwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Rwanda, ambayo tangu 2018 ilikuwa ikilipia maneno “Visit Rwanda” kwenye mkono wa jezi ya Arsenal, safari hii haikuhitaji kukodi mkono wa mtu: kamera zilionesha vilima vyake wiki nzima.

Na sehemu ya mizizi ya haya yote ya Rwanda iko kwenye mbao. Mwaka 2006 Mmarekani Tom Ritchey, mmoja wa waasisi wa baiskeli za milimani, aliandaa huko mashindano ambamo baiskeli za mbao, zile za wakulima za kubebea mizigo, zilikuwa na mbio zao. Binamu wa baiskeli hizo upande wa pili wa mpaka ni chukudu ya Goma, Kongo, skuta ya mbao inayobeba mamia ya kilo za viazi, magogo na mkaa, na ambayo tangu 2009 ina sanamu yake ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Chukudu hutengenezwa kwa mbao ngumu, mikaratusi ikiwemo. Hapa kwetu tunaiita milingoti, na Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote Tanzania, liko mlangoni mwa Mafinga. Mbao zipo, mafundi seremala wapo, mteremko upo. Kinachosubiriwa ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi atakayekubali jina lake liandikwe kifuani.